Mtoto Akigoma Ziwa, Mpeleke kwa Nesi, Sio kwa Komenti

Haya wadau, leo naomba tuweke pembeni nani kaachana na nani. Hizo zipo tu, kesho tutazikuta.

Kuna dada mmoja, jina naliacha maana yeye sio kesi, mmezoea kumuona kwenye video za wasanii wetu. Kajifungua juzijuzi, mtoto wa kwanza. Siku ya sita, saa nane usiku, akaweka stori: macho yamemvimba, nywele hazijachanwa, nyuma kichanga kinalia mpaka sauti imekauka. Kaandika mstari mmoja tu, kwamba mwanangu anakataa ziwa na sijui nifanye nini. Asubuhi ikafuata picha nyingine, kashika chupa.

Basi. Ile picha ya chupa ndiyo iliyofungua bomba la maji machafu.

Nimesoma komenti mpaka chai ikapoa. Wa kwanza kasema anaogopa matiti kulala, shepu ni biashara. Wa pili kasema "kuna ngoma hapo, ndio maana hanyonyeshi", na watu mia kadhaa wakagonga moyo. Wa tatu, tena mama mtu mzima kwenye picha yake ya wasifu, kasema mtoto amebemendwa. Mtoto wa siku sita! Jamani, siku sita mtu hata kukaa vizuri hajaweza, hilo la kubemenda limetokea saa ngapi? Halafu katikati ya matusi wakaingia wafanyabiashara: njoo inbox nina unga wa kuongeza maziwa, nina chai, nina mafuta ya kupaka mgongoni. Komenti zote hizo, nimehesabu tatu tu zilizomwambia aende kituo cha afya. Moja kati ya hizo tatu ilijibiwa "acha ushamba, wenye hela wana madaktari wao".

Sasa mimi nisingeandika kitu kama nisingekuwa nimetoka Dakawa mwezi huohuo, kwa mdogo wangu, kwenye jambo hilihili. Nyumba haina hata luninga, ila komenti ni zilezile. Tofauti ni kwamba kule wanakuja kuzitoa mdomoni, wamekaa kwenye mkeka.

Kwa wasiopajua, Dakawa ipo wilaya ya Mvomero, ukitoka Morogoro mjini kuelekea Dodoma, karibu na mto Wami. Wengi mnalijua jina kwa sababu ndipo ilipotokea ajali iliyomuua Waziri Mkuu Edward Sokoine, tarehe 12 Aprili 1984. Wengine mnapajua kwa mchele. Ni mashamba ya umwagiliaji, na mpunga ukishatoa masuke, kila mwenye miguu yuko shambani anaamia ndege. Mdogo wangu kaolewa huko. Alijifungua salama kabisa, mtoto wa kike, kilo 3.1. Siku ya pili akaruhusiwa, watu wakarudi shambani, akabaki na mama mkwe ambaye naye mchana hayupo.

Nilipofika, mtoto ana siku tisa. Nikamkuta mdogo wangu amekaa pembeni ya kitanda anamwangalia mtoto kama mtu anayemwangalia mgeni. Chuchu zote mbili zimepasuka, moja inatoa damu. Ziwa la kushoto limejaa limekuwa gumu kama jiwe na linawaka moto. Mtoto akiwekwa anashika kidogo, anaachia, analia, analala. Nepi tangu asubuhi imeloa mara moja. Nilimuuliza, mbona hukunipigia? Akanijibu, "Dada, ningekwambia nini? Kwamba nimeshindwa kunyonyesha? Hata mbuzi wananyonyesha."

Hiyo kauli ya mbuzi sijaisahau mpaka leo.

Jioni wakaja wamama wa jirani. Wema kabisa, wamebeba uji wa pilipili manga na mtori, wamefua na nguo za mtoto, siwezi kuwasema vibaya. Ila kila mmoja alikuja na lake. Wa kwanza, maziwa ya kwanza yale ya njano alipaswa kuyakamua ayamwage kwa sababu ni machafu, ndiyo yamemharibu mtoto. Wa pili, mchango, apewe maji ya mchango. Wa tatu, maziwa ya ng'ombe yapo tele kwa Wamasai, yachanganywe na maji. Halafu bibi mmoja anayeheshimika mtaa mzima akamfunua mtoto mdomo, akachungulia na tochi ya simu, akatoa hukumu: kimeo. Kimeo kimekuwa kirefu, ndicho kinachomzuia kumeza. Kuna mzee anakata, Jumamosi atapita, andaeni hela kidogo na kuku.

Tulikuwa Alhamisi.

Hapa naomba tukae kidogo, maana najua wasomaji wetu wengi mmekulia mjini na mnadhani kimeo ni habari za zamani. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni. Kila binadamu anacho, hata wewe unayesoma nenda kwenye kioo. Watu wanakikata kwa mtoto akikohoa, akitapika, akigoma kunyonya. Kinakatwa na mtu asiye na ganzi wala glovu, kwa kifaa ambacho pengine kimetoka kwenye koo la mtoto mwingine. Madaktari wetu wamekuwa wakipokea matokeo yake kwa miaka mingi: watoto wanaovuja damu isiyokata, walioingiwa na vijidudu kwenye damu, waliopata pepopunda. Ndugu yake kimeo ni "meno ya plastiki", ambapo mtoto akiharisha na kupata homa anafunuliwa fizi, vinaonekana vivimbe vyeupe, vinachimbuliwa. Vile vivimbe ni meno yake halali ya chonge yanayojipanga kuota. Mtoto aliyeishiwa maji mwilini anaongezewa kidonda mdomoni, halafu tunashangaa hanyonyi.

Simsemi bibi kwa ubaya. Bibi kaona mtoto hanyonyi, na akilini mwake hanyonyi ni ugonjwa na ugonjwa una fundi wake. Kwa hilo kawazidi wale wa Insta. Wao wameona mama mbaya. Bibi angalau kaona mtoto mwenye shida anayehitaji mtu wa kumtazama. Kakosea fundi tu.

Ijumaa asubuhi nikamwambia mama mkwe, shikamoo mama, naomba kabla ya Jumamosi tupite kliniki akapimwe uzito, kama wakishindwa turudi kwa mzee. Nilisema hivyo makusudi. Ukimwambia mtu mzima kwamba dawa yake ni ujinga, umemaliza mazungumzo. Akakubali, tena akatoa yeye nauli ya bodaboda.

Sasa hapa sitawapaka mafuta wataalamu. Kituo cha kwanza tulichokwenda, sikitaji, dada wa mapokezi aliangalia kadi, akaangalia kucha za mdogo wangu zilizopakwa rangi wiki tatu nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima, "Nyie wasichana wa siku hizi hamtaki kunyonyesha, mnataka kopo." Mdogo wangu akaanza kulia palepale. Niseme ukweli, nilielewa kwa nini watu wanamsubiri mzee wa Jumamosi. Mzee hatukani. Anapokea kuku, anasema pole mwanangu, anafanya kazi yake mbaya kwa lugha nzuri. Ndugu zangu manesi mnaosoma hapa, na najua mpo, mshindani wenu ni yule. Hamtamshinda kwa kufoka.

Tungerudi nyumbani. Kilichotuokoa ni nesi mwingine, mtu mzima, alikuwa anatoka zamu, akasikia kilio. Akasema, "Mama mtoto, njoo huku ndani, kaa vizuri, mimi nina muda."

Alichofanya hakikuwa na mashine. Kwanza alimpima mtoto: kilo 2.7. Akatueleza kwamba kichanga kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, ila akipungua zaidi ya asilimia 10 hiyo sio ya kusubiri, na wetu alishapita hapo. Akaangalia utosi kama umebonyea, akamfinya ngozi, akahesabu pumzi, akamtazama macho kama yana umanjano, akapima joto. Akaingiza kidole kisafi mdomoni aone anavuta vipi. Akachungulia chini ya ulimi. Halafu akasema, haya mama, mnyonyeshe nikuone.

Siku tisa, hakuna mtu aliyewahi kumwambia "nikuone". Wote walimwambia anyonyeshe.

Kumbe mdogo wangu alikuwa anainama yeye kumfuata mtoto, mgongo umepinda kama anapandikiza mpunga, mtoto kalala chali kageuza shingo pembeni, na anachoshika ni chuchu peke yake. Jaribu wewe kumeza maji umegeuza shingo uone. Nesi akamwekea khanga mbili zilizokunjwa chini ya mkono, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama, akasubiri afungue mdomo kwa upana kama anapiga mwayo, ndipo akamsogeza mtoto kwenye ziwa, sio ziwa kwa mtoto. Kidevu kikagusa ziwa, mdomo wa chini ukageuka nje, na ile sehemu nyeusi nyingi ikaingia mdomoni. Kwa mara ya kwanza tukasikia anameza. Mdogo wangu akasema haumi. Akarudia, "Dada, haumi." Ilichukua kama dakika 40 hivi, kwa sababu mara tatu za kwanza mtoto aliachia.

Ziwa lililojaa likakandwa kwa kitambaa cha uvuguvugu na kukamuliwa kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa. Mtoto akamaliziwa kwa kikombe kidogo, polepole, maana alikuwa hana nguvu ya kuvuta mpaka ashibe. Hakuna chupa. Akasema kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kati ya mara 8 na 12 kwa siku, akilala muamshe. Na akaeleza kitu ambacho wauza unga wa kuongeza maziwa hawatawaambia: maziwa yanatengenezwa kwa kutolewa. Ziwa likinyonywa au likikamuliwa, mwili unapata taarifa kwamba yanahitajika. Likiachwa limejaa, mwili unapunguza. Kula vizuri, kunywa, mtori sawa, uji sawa, kisamvu na karanga sawa kabisa. Lakini hakuna chai itakayofanya kazi ya mtoto asiyeshika ziwa vizuri.

Chini ya ulimi aliona uzi mfupi kidogo, akatuandikia twende hospitali mjini siku hiyohiyo, kwa ajili ya uzito na kwa ajili ya huo uzi. Daktari akamlaza siku mbili waangalie uzito, wakampima sukari na maambukizi. Ulimi akautazama akasema, huu tusiukate sasa, tuone kwanza akishikishwa vizuri anavutaje. Haukukatwa mpaka leo. Yaani nyumbani walitaka kukata kinyama kisichohusika, na mtaalamu aliyekuta kitu chenyewe ameona hakuna haja ya kukata. Siku ya 21 mtoto alikuwa kilo 3.3, mstari kwenye kadi unapanda.

Sasa turudi kwa staa wetu.

Sijui kwa nini kashika chupa, na wewe hujui. Inawezekana mtoto ana ulimi kama wa mpwa wangu. Inawezekana alizaliwa kabla ya wakati, na wale wanachoka kabla hawajashiba. Inawezekana ana mdomo sungura au upenyo kwenye paa la mdomo, ambao wakati mwingine hauonekani kwa nje mpaka mtu amwangalie ndani (na hiyo inatibika hapahapa, CCBRT Dar wamefanya upasuaji huo kwa miaka). Inawezekana mama mwenyewe amepoteza damu nyingi. Inawezekana kile kichwani, huzuni ya baada ya kujifungua, ambayo tunaiita kudeka. Na inawezekana kaamua tu. Ni mtoto wake.

Na nyie mlioandika habari ya ngoma, naomba mjue mmepitwa. Mwongozo wa hapa Tanzania ni kwamba mama mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri ananyonyesha, na mtoto anapewa dawa za kumkinga. Kwa hiyo hata ujanja wenu wa kumpima mtu kwa kumuangalia chupa haufanyi kazi. Mnachofanya ni kumfanya mama mwingine, ambaye hana followers wala hela ya kopo, aogope kusema kwamba mtoto hanyonyi kwa kuhofia mtaa utasema nini.

Kuhusu kopo lenyewe, msinielewe vibaya. Sio sumu na sio dhambi, kuna watoto limewaokoa, na daktari akisema litumike, litumike. Ila kopo dogo la gramu 400 halimalizi wiki kwa mtoto wa mwezi mmoja. Staa atanunua. Anayemuiga kule Dakawa atanunua la kwanza, la pili atalichanganya maji mengi lifike mwisho wa mwezi, na maji yenyewe hayajachemka. Mtoto anaonekana kashiba kumbe amejazwa maji. Ndio maana tangu 1981 Shirika la Afya Duniani lina kanuni ya kuzuia kampuni kutangaza maziwa hayo holela, na sisi tuna kanuni zetu. Wale mnaopewa makopo ya bure mpige nayo picha, someni hizo kanuni kabla hamjachukua hela.

Halafu hili la "asili". Kila Agosti 1 mpaka 7, wiki ya unyonyeshaji, kurasa zinajaa picha za mama kavaa gauni jeupe, mtoto ametulia kwenye ziwa, maua nyuma. Nzuri, hongereni. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 umeonyesha watoto wanaonyonya maziwa ya mama pekee chini ya miezi 6 ni asilimia 64. Maana yake zaidi ya mmoja kati ya watatu anapewa kitu kingine, na hao mama zao sio wote wavivu. Kutembea pia ni asili, lakini mtoto tulimshika mkono. Zamani binti alikuwa anakaa ndani siku 40 kazungukwa na mama, bibi na shangazi, wote walionyonyesha, mmoja anamsahihisha bila hata kujua anamsahihisha. Leo binti kajifungulia mjini chumba kimoja, mume yuko kwenye bodaboda, mama yuko kijijini, mwalimu wake ni simu. Au yuko kijijini kama mdogo wangu, na waliopaswa kukaa naye wako shambani wanafukuza kwelea.

Hata wapigania uhuru wa Afrika Kusini walioishi Morogoro waliliona hili. ANC walikuwa na makazi Mazimbu na Dakawa hiyohiyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mabinti wao wanafunzi walipojifungua ugenini, mbali na mama zao, pale Mazimbu ilijengwa sehemu ya kulelea watoto iliyopewa jina la Charlotte Maxeke. Watu waliokuwa vitani waliona kichanga na mama mdogo wanahitaji mtu wa kukaa nao.

Sheria ya kazi ya 2004 inampa mama likizo siku 84, na 100 kama ni mapacha, na akirudi ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ofisini wengi hawajui, wengine wanajua wananyamaza. Ila kibarua anayelipwa kwa jaruba la mpunga hana bosi wa kumuomba hizo saa mbili. Hapo mimi sina jibu, nasema tu kwamba kumpigia kelele anyonyeshe bila kumwambia mtoto atamwacha na nani ni kelele.

Kwa hiyo kama mtoto wako au wa shoga yako hanyonyi, ondoka nyumbani siku hiyohiyo akiwa na haya: hanyonyi kabisa au amelegea haamki, ana homa au mwili wa baridi, anapumua mbio, anadegedeka, macho au ngozi ni njano, utosi umebonyea, mkojo umekauka. Kama usafiri hakuna, kuna mfumo wa m-mama uliosambazwa nchi nzima kuanzia 2022, namba ni 115, haukatwi hela, ni kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Kama hana hizo dalili ila tu kunyonyesha kunauma na mtoto haridhiki, bado nenda, na usikubali kuondoka mpaka mtu amekaa akakuona ukinyonyesha kwa macho yake. Ukikuta anayefoka, omba mwingine. Najua inachosha. Omba mwingine.

Yule bibi wa kimeo, kwa taarifa yenu, alikuja kumuona mtoto tuliporudi. Akamshika mashavu, akasema ameshiba huyu. Hakuuliza kimeo. Ila wiki iliyofuata alinipigia simu: "Mjukuu wangu, kuna binti wa huku chini kajifungua, mtoto hashiki ziwa. Yule nesi wenu yuko zamu siku gani?"

Nikampa siku. Na nyie mliowahi kukutana na nesi au daktari wa hivyo, mtaani kwenu au mkoani kwenu, andikeni hapo chini kituo gani na siku gani anapatikana. Staa wetu anasoma komenti zote, amesema mwenyewe.